Herufi za duara duara

SWALI: Yaya, nimeona ku simu maandishi iko duara duara kama pete, banasema ni Kiburma. Ya wapi hiyo? (Msomaji, Birere, Goma)

JIBU: Ya Myanmar, Burma ya zamani, kule Asia, watu karibu milioni 33 wamezaliwa nayo. Uduara, zamani walikuwa wanaandika ku majani ya mitende na mstari wa kunyooka unapasua jani, basi wakakunja tu. Lugha yenyewe iko na toni (sauti ya juu ao ya chini) sawa Mashi, lugha ya kule Bukavu, ukikosea sauti umesema kitu ingine kabisa. Kitendo kinakuja mwisho: "mimi chai nakunywa". Jina la familia hawana kwa desturi. Mzee utamuita U, mama mtu mzima Daw, jina tupu hapana ee! Salamu: mingalaba.