Shangazi Anajibu: Umeokoka, Mshahara wa Dada Je?

*Shangazi, shikamoo. Niliokoka mwaka jana, sasa ni kiumbe kipya. Tatizo ni mume wangu, mkristo wa jina tu. Nikienda mkesha ananuna, nikifunga anasema namkwepa. Mama yake alikuwa akikaa kwetu, ameshindwa kuvumilia maombi yangu, kaondoka. Dada wa kazi nilimfukuza kwa roho ya uasi, sasa anatuma watu kunidai mshahara. Najua hivi ni vita. Nivumilie au niachane na mtu asiyemjua Mungu? – Mama Eliya, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole, kulala na mtu aliyenuna si raha. Pole yangu imeishia hapo.

Nimeipekua barua yako nikimtafuta huyo mume mbaya, sijamwona. Hujasema analewa. Hujasema anakupiga wala ana mwanamke nje. Kosa lake ni kununa mkewe akitoka usiku na kurudi alfajiri. Hata mimi ningenuna! Na usiku huo watoto wanabaki na nani, ikiwa bibi yao kaondoka na dada umemfukuza? Si na huyo huyo mkristo wa jina?

Kuhusu kufunga, Paulo aliwaambia Wakorintho, sura ya 7, mke na mume wasinyimane ila kwa kupatana, tena kwa muda. Mlipatana lini? Petro naye anasema mume asiyeamini huvutwa na mwenendo wa mkewe pasipo neno. Wewe maneno unayo, mpaka mama mkwe kafungasha. Mtu mzima hakimbii maombi kwa mwanawe, mwanangu. Anakimbia akisikia yanamtaja yeye.

Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na ugonjwa huu. Mume akikosa hela, roho ya umaskini. Wifi akija kusalimia, roho ya kufuatilia. Kila mtu nyumbani ana roho, isipokuwa anayeomba. Nyani haoni kundule.

Wazee wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kagera na Kenya, walijulikana kwa jambo lililowashangaza hata waliowacheka: mtu akiokoka, alirudisha alichoiba. Alikwenda mwenyewe kwa mwenye mali, akakiri, akalipa. Wimbo wao wa sifa, Tukutendereza, waliuimba, na madeni walilipa. Hawakuwa wananunua wokovu. Waefeso 2 inasema neema ni kipawa, hakuna wa kujisifu, kisha mstari wa 10 unasema tumeumbwa tutende matendo mema. Wengi wenu mnafunga Biblia kwenye mstari wa 9.

Zakayo naye, Yesu alipoingia kwake, hakutangaza mkesha. Alitaja hela za watu, akaahidi kurudisha mara nne.

Sasa huyo binti. Alikuoshea, alikupikia, alikulelea watoto, nawe unaita deni lake vita? Mimi sikudai mara nne. Mlipe miezi yake yote, mkononi, umwombe radhi mbele ya Baba Eliya. Kisha mfuate mama mkwe huko aliko, usimpigie simu. Mkesha wa Ijumaa hii baki nyumbani, ule na mumeo.

Ukishamlipa binti, niandikie tena, tuzungumze hilo la kuachana.