Breka Ikikata, Usiilaumu: Maswali Yenu Kuhusu DB ya Nyumbani

Maswali mengi ya safari hii yanahusu boksi la ukutani lenye mein swichi na breka, yaani DB. Nimeanza na la mzee wetu wa Magomeni.

Fundi, nyumba yangu ni ya zamani, ina zile fyuzi za kigae za kuchomoa. Umeme haujawahi kunisumbua. Kuna haja gani ya kubadilisha? (Magomeni)

Shikamoo mzee. Umri peke yake si sababu. Fyuzi ya kigae yenye waya wake sahihi inakata vizuri tu. Balaa huanza pale inapoungua usiku na maduka yamefungwa: mtu anachuna uzi wa waya wowote aliouona, anaufunga, taa zinawaka, na asubuhi kila mtu ameshasahau. Kuanzia siku hiyo hakuna kinachozuia nyaya za ukutani zisichemke.

Mwite fundi azime mein swichi, azichomoe moja moja muone kilichofungwa humo. Atazame pia kama kigae kimekuwa cheusi au skrubu zimelegea. Kama boksi linatoa harufu ya plastiki inayoungua, linanguruma, au lina joto ukiligusa kwa nje, usisubiri mwisho wa mwezi.

Hata kama yote ni mazima, mimi ningebadilisha kwa sababu moja: boksi za aina hiyo kwa kawaida hazina RCD, kile kifaa chenye kitufe cha T kinachokata umeme ukivuja. RCD ya nyumbani hukata uvujaji unapofika miliampea 30. Fyuzi ya ampea 30 inahitaji umeme mara 1,000 ya huo, na mwili wa mwanadamu hauwezi kuusubiri.

Nimenunua jiko la umeme la sahani mbili na presha kuka. Asubuhi nikiwasha na jagi la maji huku watoto wananyoosha sare, breka inakata baada ya dakika chache. Fundi wa mtaani anasema tutoe ya 20 tuweke ya 32. Elfu kumi na tano tu, na ufundi. (Tabata)

Usimpe, mama.

Kwanza hesabu. Jiko wati 2,500, presha kuka 1,000, jagi 2,000, pasi 1,500: jumla 7,000. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 30 na ushee, zote zinapita kwenye breka ya 20. Kukata baada ya dakika chache ndiyo dalili ya mzigo uliozidi, maana breka hupata joto taratibu kisha inaanguka. Ingekuwa shoti, ingeanguka papo hapo, kabla hujatoa mkono kwenye swichi.

Breka haikuwekwa pale kulinda jiko lako. Inalinda waya uliofukiwa ukutani. Soketi nyingi za nyumba zetu zimevutiwa waya wa milimita 2.5, na ukiwa ndani ya bomba, kwa joto hili la Dar, ampea 20 zinautosha. Ukiweka 32, breka itanyamaza kweli, na waya ndio utakaochemka badala yake, mahali usipopaona, mpaka plastiki yake iyeyuke.

Kuna nyumba ambazo waya wa soketi umezungushwa, unatoka kwenye DB, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile. Hizo 32 ni halali yake. Lakini hilo halijulikani kwa kukisia. Fundi afungue boksi na kupima kama mzunguko umekamilika. Huyo wako alifungua?

Dawa yako ni kuvutiwa njia ya peke yake ya jiko kutoka kwenye DB, waya wa milimita 6 na breka yake ya 32. Kama boksi limejaa, hapo ndipo unapobadilisha DB, uchukue yenye nafasi nne au tano za akiba. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mimi mwenyewe nauunga mkono, mkaa umetuchosha. Ila majiko haya yanaingia kwenye nyumba nyingi zilizovutiwa nyaya kwa ajili ya taa, friji na redio. Bei ya jiko ijumlishwe na bei ya waya wake.

Nina viyoyozi viwili, pampu, na sasa nataka shawa ya umeme. Niombe umeme wa njia tatu? (Mbezi Beach)

Huenda usihitaji huo umeme wa nyaya tatu za moto badala ya mmoja. Shawa ya wati 5,500 inakula ampea 24 peke yake, kiyoyozi cha BTU 12,000 kama 5 au 6, pampu ndogo nyingine 4 hivi. Vyote pamoja vinakaribia 40. Mkandarasi alinganishe na ukubwa wa mein swichi yako, waya unaoingia ndani, na kiwango ulichounganishiwa na TANESCO. Ukienda njia tatu, DB yote inabadilika na mizigo lazima igawanywe sawasawa, la sivyo umelipa bure. Mbadala wa bei nafuu: oga kabla ya kuwasha viyoyozi.

RCD ilikuwa inakata kila mvua ikinyesha. Fundi ameiruka, sasa umeme hausumbui, ila bomba la bafuni linatekenya kidogo. (Kigamboni)

Ndugu yangu, zima breka ya hita ya maji sasa hivi na watu wasioge hapo mpaka irekebishwe. Huko kutekenya ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na njia uliyoipata ni nyie.

RCD ilikuwa inasema kweli. Ikikata wakati wa mvua, anza na taa za nje, soketi ya uani, pampu, kisha hita. Fundi azime zote, awashe moja moja, mkosaji atajulikana. Kigamboni mna jambo la ziada: hewa ya chumvi inakula vishikizo vya ethi rodi, ule mchuma uliochimbiwa ardhini kupeleka umeme uliovuja, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Ethi ipimwe kwa mita ya kupimia ethi. Tesita haitoshi. RCD ikirudishwa, bonyeza T kila baada ya miezi mitatu. Isipokata, imekufa.

Umeme ulirudi kwa nguvu, TV na friji vikaungua. DB mpya ingeviokoa? (Kimara)

Breka za kawaida, hapana. Zinapima ampea, hazijali volti. Omba kifaa cha kulinda volti kifungwe ndani ya DB, kinachokata zikizidi au zikipungua. Na taa zikianza kung'aa kuliko kawaida ghafla, kimbilia mein swichi uzime kisha uripoti TANESCO. Mara nyingi ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, iliyolegea au kukatika, pengine huko kwenye nguzo.

Naweza kubadilisha DB mwenyewe? Si nazima tu mein swichi? (Mbagala)

Hapana, kaka. Ukizima mein swichi, waya unaotoka kwenye LUKU hadi kwenye swichi yenyewe bado una moto, na ndio huohuo utakaoushika. Kukata sili ya mita ili uuzime ni kosa jingine. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, akuoneshe leseni kabla ya kushika bisibisi, na mwambie akuandikie kwenye mlango wa boksi kila breka inahudumia nini.