Kutoka Moshi kwenda visiwani: panga kwa upepo kabla ya kupanga nauli

Wengi wetu wa Moshi na Arusha tukitamani likizo ya melini, swali la kwanza ni bei ya chumba. Mimi huwa nashauri uanze na upepo.

Meli kubwa za kitalii zinazopita pwani yetu hutia nanga Zanzibar na Mombasa asubuhi, jioni zinaondoka. Abiria anabaki na saa chache za kuona mji wa mamia ya miaka, na sehemu ya saa hizo inaishia kwenye foleni na kwa wauza vinyago. Kwa Mtanzania mwenye kitambulisho cha taifa na likizo ya wiki mbili, sioni sababu ya kulipa dola zote hizo. Bandari ni zetu, boti za kawaida zipo, na bahari iko mwendo wa siku moja kwa basi.

Sasa upepo. Likizo ya shule ya Juni ndiyo tunayoikimbilia, na ndiyo miezi ya kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Boti ya Dar kwenda Unguja inachukua kama saa mbili, ila kusi ikichachamaa utaona mifuko ya kutapikia inagawiwa mapema kuliko maji ya kunywa. Kama huna namna ila Juni, panda boti ya asubuhi, kaa ghorofa ya chini, katikati, kula kidogo, na pitia duka la dawa siku moja kabla. Desemba hadi Machi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na bahari ina adabu zaidi. Kuna na faida nyingine: katikati ya Desemba Wachaga wote wanapanda kuja nyumbani, wewe unashuka, kwa hiyo basi la kwenda Dar halina vurugu. Kazi iko kwa wazazi. Kumweleza mama kwamba Krismasi mbuzi atachinjwa nawe haupo, hilo sina ushauri nalo.

Mimi napenda Januari ikiwa imeshatulia, hadi Februari. Lakini angalia kalenda ya Kiislamu kabla ya kukata tiketi. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia Februari na Machi. Ukienda Unguja mwezi huo, mchana migahawa mingi imefungwa na kula barabarani ni kukosea heshima za watu. Usiku baada ya futari mji unachangamka kweli kweli, kwa hiyo si mwezi mbaya, ila uende ukijua.

Tiketi ya boti ikatie kwenye ofisi ya kampuni yenyewe. Vijana wanaokudaka getini bandarini Dar uwapite salama tu. Beba kitambulisho halisi, maana nauli ya mwananchi na ya mgeni ni vitu viwili tofauti. Asiyetaka kupita Dar anaweza kushukia Tanga, kuna meli inayounganisha Tanga, Pemba na Unguja, ila si ya kila siku, kwa hiyo ratiba ya basi ifuate ya meli.

Mji Mkongwe, ambao uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, upe siku mbili kamili. Anza Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873. Nenda mapema, kabla ya makundi, kwa sababu vile vyumba vya chini, vinavyosemekana walifungiwa watumwa, havifai kutazamwa huku mtu anakusukuma mgongoni. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash, ya mwaka 1883, iliporomoka sehemu Desemba 2020. Uliza kwanza kama kuna kuingia, vinginevyo itazame kwa nje. Jioni kila mtu atakuelekeza Forodhani, bustani ya ufukweni yenye chakula cha usiku. Nenda, lakini shibe yako ikaitafute kwenye urojo wa vichochoro vya Darajani: bakuli la rojo la njano lenye ukali wa embe, ndani viazi, bajia, kachori na mishkaki, juu chatne ya nazi na chipsi za muhogo ambazo usipowahi zinalainika.

Ila kama ningeambiwa nichague bandari moja tu, ningechagua Kilwa, na ndiyo watu wa kwetu wanaiacha kwa sababu ya kilomita 300 na ushee za kwenda kusini ya Dar. Hii ndiyo iliyokuwa ikitawala biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliukuta mji 1331 akausifia uzuri wake. Sultani wake alipiga sarafu za shaba, na moja yake ilikuja kuokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine zilionekana 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia, na wasomi hadi leo wanabishana zilifikaje huko.

Unalala Kilwa Masoko, unalipia kibali ofisini, halafu unavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, ndiko yaliko magofu ya mji huo. Hapo ndipo mtu wa milimani anatakiwa kujifunza maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio umeandama, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika mita 3 hadi 4. Nilimpeleka mama yangu, mtu wa Kibosho, na nahodha alimwambia kabla hajakaa vizuri: "Mama, saa nane tuwe chomboni. Ikipita hapo maji yanakimbia, mtatembea kwenye tope."
Mama akauliza yanakimbilia wapi.
"Kwa wenyewe, mama."

Muulize nahodha saa za maji siku moja kabla, kisha ndipo upange chakula na usingizi. Ukishuka utaanza na Gereza pale ufukweni, ngome ya Wareno ya 1505 iliyojengwa upya zama za Waomani. Msikiti Mkuu usiupitie haraka: gusa ukuta uone matumbawe yenye vitundu kama sega la nyuki, kisha inua macho kwenye kuba zake. Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye bwawa la pembe nane, liko mbali kidogo na njia ina jua kali. Mzee mwenye magoti mabovu aanzie huko asubuhi. Songo Mnara, kisiwa cha jirani chenye magofu yake, inataka siku yake na viatu vya kulowa.

Mombasa ni safari ya peke yake, na kwetu ndiyo ya karibu: Holili, Taveta, Voi, unafika. Beba pasipoti au hati ya muda ya Uhamiaji, na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 na ilizingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698. Jumba la makumbusho mle ndani lina vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno iliyozama hapo nje 1697. Siku moja inatosha, ukianza na mahamri na mbaazi Mji wa Kale.

Lamu, kisiwa cha kaskazini mwa pwani ya Kenya, sijaiunganisha na hizi makusudi. Kule magari karibu hayapo, ni punda na miguu, na ukifika kwa mbio utakuwa umepoteza nauli. Ulizia hali ya usalama wa barabara ya kwenda Mokowe, ambako unavukia, kisha uitengee wiki nzima.