Camaro ya 1969: pedeli ngumu, breki hazishiki

Mkuu, umesema pedeli imekuwa ngumu tangu ufunge kemshafti kali (shafti inayofungua valvu za injini, ya aina ya kuongeza nguvu). Usinunue busta (kifaa kinachousaidia mguu wako kusukuma breki) bado! Zima injini, kanyaga pedeli mara tano, ishikilie chini kisha uwashe. Ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isiposogea, imekufa au haipati vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini unaoiendesha.

Chomeka geji ya vakyumu kwenye bomba la mpira la busta, injini ikinguruma taratibu: inatakiwa kama inchi 18 za zebaki. Kemshafti kali hushusha hadi 10 au 12, maana valvu za kuingiza na kutoa hubaki wazi pamoja kwa muda mrefu. Hapo busta mpya ni kutupa hela. Funga pampu ya vakyumu ya umeme.

Geji ikisoma vizuri, chomoa valvu ya njia moja (ile inayounganisha bomba hilo na busta) uipulize: hewa ipite upande mmoja tu.