Ukiona majibu yote manne yanaingia, achana na majibu kwanza

Mdau kauliza hivi kwa kifupi: kwenye maswali ya kujaza nafasi anaielewa sentensi vizuri tu, ila akifika kwenye yale maneno manne ya kuchagua anaona yote yanaingia, anaishia kubahatisha. Alafu akaongeza kwamba hata akiandika mwenyewe shida ni ileile, maneno yanafanana hajui lipi liende wapi. Wengi mmemjibu "soma sana vitabu utazoea", sawa, sio uongo, lakini mtu ana mtihani karibuni huwezi kumwambia akasome maktaba nzima. Mimi nimefundisha lugha muda mrefu na hayo maswali nimeyatunga sana tu, kwa hiyo ngoja niseme yanavyotungwa, ukishajua hilo nusu ya kazi imeisha.

Mtunzi wa swali haweki maneno manne hivihivi. Jibu likishakaa anatafuta neno moja la kinyume, kwa ajili ya yule asiyeangalia kiunganishi. Anatafuta jingine la mada ileile, kwa ajili ya anayesoma juu juu, yaani sentensi ni ya mahakama basi linawekwa neno lenye harufu ya mahakama. Na la mwisho linalofanana kwa sauti: dhana na zana, fahari na fahali, dhamini na thamini, ridhia na rithi. Hayo ya sauti yanaua watu wengi kweli kweli, hasa kama matamshi ya dh na z kwako ni kitu kimoja. Sasa we ukianza kwa kusoma majibu unakuwa umeingia mtegoni kwa miguu yako, maana kila neno limewekwa pale ili likushawishi, na akili ikishaliona inaanza kulitafutia sababu ya kuingia.

Kwa hiyo funika majibu, hata kwa kidole. Soma sentensi, weka neno lako mwenyewe pale penye nafasi, hata kama ni neno la mtaani au maneno matatu badala ya moja, alafu ndio ufunue utafute linalokaribia hilo lako. Na hii sio ujanja nilioubuni mimi, huu mtindo wa kufuta maneno kwenye habari ili msomaji ayarudishe alikuja nao Mmarekani anaitwa Wilson Taylor mwaka 1953, na nia yake wala haikuwa kumtahini mwanafunzi, alikuwa anapima kama maandishi yenyewe yanasomeka au ni magumu. Majibu ya kuchagua hayakuwepo, msomaji alikuwa na maneno yaliyozunguka nafasi basi.

Sasa hayo maneno yanayozunguka unayasomaje, hapa ndio nataka nikae. Kwa Kiswahili tuna bahati moja ambayo lugha nyingi hazina, ngeli. Watu wanaona ngeli ni adhabu ya darasani kumbe ni mashahidi waliosimama pembeni ya nafasi wanakuonyesha kwa kidole. Chukua mfano huu: "______ cha maji kilichobaki kwenye tangi hakikutosha." Majibu: idadi, wingi, kiwango, kiasi. Kimaana yote manne yanaongelea ukubwa wa kitu, ndio maana unaona yote yanaingia. Lakini angalia "cha" na "kilichobaki" na "hakikutosha". Idadi ingetaka "ya", wingi ungetaka "wa", yametoka hayo mawili kabla hata hujafikiria maana. Yamebaki kiwango na kiasi na hapo ndipo maana inaingia kazini, maji yaliyobaki yakashindwa kutosha, kwamba yalihitajika mengi zaidi, hicho ni kiasi. Ingekuwa "______ cha maji mtoni kimepanda hadi kufikia daraja" hapo ni kiwango, kwa sababu kinachosemwa ni maji yamefika juu kiasi gani, sio mangapi. Sentensi mbili, kwa sarufi maneno yote mawili yanakubali, kinachoamua ni kitenzi, kutosha au kupanda.

Na hata neno moja lenye maana nyingi ngeli ndio inakuamulia. Paa wale ni wanyama, paa lile liko juu ya nyumba. Ua hili linanukia, ua huu unafagiliwa. Neno halijabadilika herufi hata moja ila jirani yake kabadilika na wewe msomaji hujapata shida hata sekunde, ina maana muktadha unautumia kila siku bila kujua, tatizo ni kwamba ukikaa kwenye mtihani unauacha nje.

Kitu kingine ni ile tabia ya maneno kuwa na wenzao wa kutembea nao. Nguo zinafuliwa, vyombo vinaoshwa, mikono inanawiwa. Ukienda kwa maana tupu yote hayo ni kuondoa uchafu kwa maji, lakini ukiona "alipomaliza kula ali______ mikono" huhitaji maelezo, ni alinawa, na mtu akiandika "alifua mikono" kila mtu anacheka ingawa ameelewa. Au kikombe kinavunjika, karatasi inachanika, kamba inakatika, kuni zinapasuliwa. Hapo angalia nomino iliyo karibu na nafasi, ndiyo inayochagua kitenzi. Hii haina kanuni ya kukariri, ukikutana na neno jipya usiliandike peke yake kwenye daftari, liandike na mwenzake. Usiandike "rufaa", andika "kukata rufaa".

Alafu viunganishi jamani. Kama kuna sehemu moja ya sentensi nikiambiwa mwanafunzi aikodolee macho ni hii. "______ ya kusifiwa na kila mtu, alibaki mnyenyekevu", hapo ni licha, kwa sababu tunategemea mtu akisifiwa sana apande kichwa, yeye hakupanda. Sasa geuza: "Kwa sababu ya kusifiwa na kila mtu, alianza kuwa ______", jibu linakuwa mwenye majivuno au kitu cha namna hiyo. Ukiona lakini, ingawa, licha ya, badala ya, kinyume na, jua sentensi inakata kona, neno unalotafuta liko upande wa pili wa kilichosemwa. Ukiona yaani, maana kamili unapewa mezani. Ukiona kama vile au mathalani, angalia mifano inafanana kwa lipi, hilo la kufanana ndilo jibu. Hivyo, basi, matokeo yake, hizo ni za chanzo na kinachofuata, sitakaa sana hapo kwa sababu hazisumbui.

Jambo ambalo walimu wengi hawasemi ni kwamba muktadha mwingine haukusaidii, na mwingine unakudanganya kabisa. Mtafiti wa elimu Isabel Beck na wenzake kule Marekani waliliandika hili mwaka 1983, wakaugawa muktadha mara nne: unaoelekeza kwenye maana, unaokupa wazo la jumla tu, usiosema kitu, na unaopotosha. Huu wa kupotosha ndio hatari. "Babu alimtazama mjukuu akijitapa mbele ya wenzake, akatabasamu." Kama hulijui neno kujitapa, lile tabasamu litakufanya udhani mtoto anacheza vizuri au anasalimia kwa adabu. Kumbe anajisifu, babu kacheka tu. Kwa hiyo kidokezo kimoja usikiamini, tafuta cha pili, na kama sio mtihani fungua kamusi hakuna aibu.

Pia kuna kiwango cha chini cha kujua ambacho huwezi kukiruka. Watafiti wawili wa lugha, Hu na Nation, mwaka 2000 walionyesha kwamba wasomaji wengi ili waelewe hadithi bila msaada wanahitaji kujua karibu maneno 98 kwenye kila 100. Yaani neno geni moja katika kila hamsini. Ukisoma habari ambayo kila mstari una maneno matatu huyajui, hapo hakuna muktadha wa kukusaidia kwa sababu huo muktadha wenyewe huujui, shuka kwenye maandishi mepesi kwanza. Hii namwambia hasa yule aliyesema anajifunza kupitia hotuba za bungeni na sheria, ndugu yangu unajitesa.

Kuhusu kuandika mwenyewe sasa. Hapo mambo yanageuka, wewe ndiye unayeuweka huo muktadha, na kinachoangusha watu sio maana ya neno ila rangi yake, zuri au baya. Naona kila siku mtu anaandika "madhara chanya". Madhara ni ubaya tayari, hayawezi kuwa chanya, hapo tumia athari kama unataka neno linalokubali pande zote mbili, au faida kama ni mazuri matupu. Mwimbaji anakuwa maarufu, mwizi anakuwa sugu, ukimwita mwimbaji sugu umemtukana au unamtania. Siku ya kukumbuka waliokufa inaadhimishwa, ukiandika kwamba familia ilisherehekea mwaka mmoja tangu msiba itabidi uwaombe radhi watu. Na yale ya nani kampa nani: aliyechukua hela amekopa, aliyetoa amekopesha, mpangaji amepanga na mwenye nyumba amepangisha. Hapa kabla hujachagua angalia tu mtenda wa sentensi yako ni nani, hela imetoka mfukoni kwake au imeingia.

Kama una sentensi zilizokukwamisha ziweke hapa nzima nzima na majibu yake manne, usiweke neno tupu ukauliza maana yake, maana neno tupu hata mimi nitabahatisha.