Cecilia Beaux na kazi ya kuchora sura za watu: majibu kwa wasomaji

Makala iliyopita ya safu hii ilimtaja kwa ufupi Cecilia Beaux, mchoraji wa Marekani aliyevuma mwanzoni mwa karne ya 20, na wasomaji kadhaa wameandika kutaka kumfahamu zaidi. Haya ni baadhi ya maswali yao.

Msomaji wa Tanga anauliza: Je, alitoka katika familia ya kitajiri iliyoweza kumgharamia masomo?

Hapana. Alizaliwa Philadelphia tarehe 1 Mei 1855, na siku 12 baadaye mama yake akafariki. Baba yake, Jean Adolphe Beaux, Mfaransa aliyekuwa mfanyabiashara wa hariri, alilemewa na msiba huo akarejea kwao Ufaransa, akiwaacha Cecilia na dada yake mikononi mwa bibi yao mzaa mama na mama zao wadogo. Haikuwa nyumba yenye fedha nyingi, lakini muziki na uchoraji vilithaminiwa humo. Mume wa mmoja wa mama hao wadogo, William Biddle, ndiye aliyemlipia masomo ya kuchora alipokuwa na umri wa miaka 16.

Kijana anayeishi kwa kuchora mabango mjini Kisumu anauliza: Kabla ya kujulikana, alipataje riziki?

Kwa kazi yoyote ya mkono iliyopatikana. Alichora visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwa ajili ya vitabu vya Edward Drinker Cope, mtaalamu wa mabaki hayo, kazi iliyodai kila ufa na kila nundu ya mfupa ionekane mahali pake. Alifundisha watoto kuchora, na kwa muda alipaka nyuso za watoto juu ya sahani za kauri, ambazo wazazi walizinunua kwa furaha na kuzitundika ukutani. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1930 aliandika kwamba anaikumbuka kazi hiyo ya sahani kwa aibu. Mimi siioni aibu yoyote ndani yake, ndugu yangu, kwa kuwa jicho lililozoea kupima visukuku na kufuatilia mashavu ya watoto ndilo lililokuja kuchora, kati ya 1883 na 1885, picha kubwa ya dada yake akiwa amempakata mwanawe wa kwanza. Picha hiyo, ambayo jina lake la Kifaransa lina maana ya siku za mwisho za utoto, ilipata tuzo Philadelphia mwaka 1885, na miaka miwili baadaye ikakubaliwa katika maonyesho makuu ya Paris. Mwaka 1888 yeye mwenyewe alikwenda Paris kusoma, akiwa na umri wa miaka 32.

Mwanafunzi wa sanaa wa Dar es Salaam anauliza: Mwalimu, nimeona picha zake nyingi zina nguo nyeupe. Kuna siri gani?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu linagusa ufundi wake wenyewe. Nguo nyeupe ni mtihani mgumu kwa mchoraji: akitumia rangi nyeupe peke yake, nguo huwa bapa kama karatasi, akitia kijivu kila penye kivuli, huonekana chafu. Beaux aliujenga weupe kwa rangi nyingine. Tazama picha aliyomchora binamu yake Sarah Leavitt mwaka 1893 na 1894, akiwa ameketi na paka mweusi begani. Ukilikaribia gauni utaona samawati, zambarau hafifu na manjano. Ukirudi nyuma, rangi hizo zote huungana kuwa kitambaa cheupe chenye mwanga. Kisha kuna yule paka, ambaye macho yake yako karibu usawa mmoja na ya binti, na weusi wake ndio unaoupa weupe nguvu. Mwaka 1898 alimchora shemeji yake, Henry Drinker, katika suti nyeupe, mwanga wa dirisha ukitoka nyuma yake na paka akiwa mapajani. Angalia pia jinsi mikupuo ya brashi yake ilivyo mirefu na isivyorudiwarudiwa. Ukitaka kujifunza kwake, anza kwa kukunja shuka jeupe karibu na dirisha, uchore bila kugusa rangi nyeusi.

Mama mmoja wa Mombasa anauliza: Kama mwanamke, alizuiwa? Na je, aliolewa?

Hakuolewa. Walikuwepo waliomposa, naye akawakataa, kwa kuwa aliona kwamba ndoa na kazi yake visingeweza kukaa pamoja. Mwaka 1895 Chuo cha Sanaa cha Pennsylvania kilimwajiri kuwa mwanamke wa kwanza mwenye nafasi ya kudumu ya kufundisha hapo, na alifundisha hadi 1915. Mwaka 1902 alimchora Edith Roosevelt, mke wa rais, pamoja na binti yake Ethel. Beaux hakupenda kuwekwa katika fungu la wachoraji wa kike. Alitaka picha zake zipimwe na za wanaume kwa kipimo kimoja, na nadhani alikuwa na haki kabisa.

Msomaji wa Nairobi anauliza: Mbona jina lake si maarufu leo kama la John Singer Sargent, mchoraji mwenzake wa sura za watu wa zama hizo?

Maonyesho makubwa ya sanaa mpya ya Ulaya yaliyofanyika New York mwaka 1913 yalibadili ladha ya wakosoaji, na uchoraji wa sura za watu kwa kuagizwa ukaanza kuonekana wa kizamani. Picha zake nyingi pia zilibaki katika nyumba za waliozilipia, mbali na macho ya umma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bado aliaminiwa kiasi cha kutumwa Ulaya kuwachora Kardinali Mercier wa Ubelgiji, waziri mkuu wa wakati wa vita Georges Clemenceau wa Ufaransa na Admirali Beatty wa Uingereza. Lakini mwaka 1924 alivunjika nyonga akiwa Paris, na tangu hapo alichora kidogo sana. Alifariki Gloucester, Massachusetts, mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 87. Kumsahau kwetu ni kosa la ladha ya wakati, nami ninalisikitikia.

Msomaji aliyeko Ufaransa anauliza: Naweza kuiona wapi kazi yake?

Picha ya binti na paka mweusi iko Paris, katika jumba la makumbusho la Orsay.