Ushuru wa Meza, Mifuko ya Saruji na Mtaro Uliobaki Vile Vile

Wasomaji wangu, mwezi huu nimeletewa barua nyingi za ushuru, mitaro na madiwani, na nyengine zinabishana zenyewe kwa zenyewe. Wanaonijua wanajua kwamba nimefanya kazi ya ukarani wa ushuru miaka ishirini na saba, hapa Unguja. Mambo haya sikuyasoma kitabuni.

"Tugome tusilipe?"

*Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Mimi nauza mchicha na bamia sokoni, Mjini. Kila asubuhi anapita kijana na begi lake, nampa shilingi 500 ya meza. Siku nyengine ananikatia risiti, siku nyengine ananambia "nitakuletea" na haji. Masika yakiingia, maji yanatuama mpaka chini ya meza, mchicha unaoza huku tunautazama. Mwenzangu wa meza ya pili anataka tugome sote mpaka mtaro uchimbwe. Mume wangu anasema nikigoma meza atapewa mtu mwengine. Nimsikilize nani?*
*Muuza mchicha, Mjini Unguja*

Wa alaykum salaam mwanangu. Usigome. Lakini kuanzia kesho usitoe hata shilingi mia bila ya kushika stakabadhi mkononi.

Nikueleze kwa nini. Zama zetu kitabu cha stakabadhi kilikuwa na karatasi zenye nambari moja, na kaboni katikati. Ya juu anapewa mlipaji, nakala zinabaki kitabuni. Jioni mshika fedha hahesabu meza zilizokuwepo sokoni. Anahesabu nakala, kisha anahesabu pesa, na viwili hivyo vikilingana anafunga daftari. Wewe usiyekatiwa hukulipa, kwa sababu pesa yako haimo kitabuni. Siku hizi kuna mashine ndogo ya mkononi inayotoa kikaratasi, lakini hesabu ni ile ile: kisichotoka kwenye mashine hakikuingia kwenye baraza la manispaa.

Sasa tazama. Shilingi 500 kwa siku 26 ni 13,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 156,000. Tuseme soko lenu lina meza arubaini, hiyo ni 6,240,000. Kama nusu ya siku hamkatiwi, basi kwenye makaratasi soko lenu linaingiza 3,120,000 tu, na mkienda kuomba mtaro mtaambiwa soko halina mapato. Mtakuwa mmelipa mtaro nusu, na bado mnaonekana wadaiwa.

Nilikuwa karani kijana nilipomjua mama mmoja muuza samaki. Hakujua kusoma, lakini kila stakabadhi aliitunga kwenye uzi wa nyavu, akaining'iniza nyuma ya mlango chumbani kwake. Siku moja mkubwa wetu alikuja sokoni kueleza kwamba paa halitaezekwa mwaka ule kwa kuwa soko lile haliingizi kitu. Yule mama akaondoka, akarudi na ule uzi, akauweka mezani. Stakabadhi za miezi kumi na moja, nyengine zina magamba ya changu yamegandia. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kuzihesabu na kuzilinganisha na vitabu vyetu. Zilikuwemo ambazo nambari ni moja lakini viasi ni viwili: karatasi yake imeandikwa kiasi kimoja, nakala yetu imeandikwa pungufu. Mwenzetu mmoja aliacha kazi wiki ile. Paa lilichelewa, lakini masika yaliyofuata yalikuta mabati mapya.

Kwa hiyo tungeni stakabadhi zenu. Mkiwa nazo za miezi mitatu, andikeni barua kwa diwani wa wadi, nakala kwa mkurugenzi wa baraza, na musiondoke mapokezi mpaka nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Na muda wa barua hiyo si Aprili, mkiwa mumesimama majini. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na makisio, yaani bajeti ya baraza, yanaanza kupangwa miezi kadhaa kabla. Mwezi wa Disemba ndio mwezi wa kusema mtaro. Mkiulizwa mnataka hesabu za soko kwa haki gani, Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 18, inampa raia haki ya kupata taarifa. Semeni kwa adabu, lakini semeni.

"Bi Mkubwa, unawabembeleza wananchi"

*Nimesoma majibu yako ya nyuma, sikuridhika. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Mpendae. Sisi wenyewe hatulipi ada ya taka, tunatupa pampasi na chupa za maji mtaroni, mvua ikija tunalaumu serikali. Mitaro mikubwa imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo huo nani atalipa kama kila mtu anakwepa kodi?*

Mwalimu, kwa hili la taka nakubali yote. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka kumi na tatu kabla ya Bara, na nilijivunia sana. Leo mifuko imepungua, chupa zimechukua pahala pake. Ile mitaro ya mradi wa huduma za mijini, ZUSP, nimeiona ilipokuwa mipya na nimeiona ilipojaa mchanga na magodoro. Na mkopo ni deni, utalipwa kwa kodi zetu na za wajukuu zetu. Mtu akinunua kitu na kukataa risiti ili apunguziwe, ile asilimia 15 ya VAT inabaki mfukoni mwa muuzaji. Hapo hakuna aliyefaidika ila yeye.

Lakini Mwalimu, nami nina langu. Mtaani kwetu tulitozwa ada ya taka mfululizo na gari halikufika kwa wiki saba. Baraza lenyewe sitalitaja. Taka za Mjini zinakwenda kumwagwa Kibele, Wilaya ya Kati, safari ya mafuta mengi, nalijua hilo. Ila kina mama wenye ndoo tano za taka uani na watoto wanaotambaa, utawaambia wangoje mafuta? Tulikumbwa na kipindupindu mwaka 2015 na 2016, mpaka Serikali ikapiga marufuku kuuza vyakula na vinywaji barabarani. Anayetupa taka mtaroni ana makosa. Anayechukua ada na asilete gari ana makosa makubwa zaidi, kwa sababu yeye analipwa kwa kazi hiyo.

"Mbona sheha hatumchagui?"

*Natokea Tanga, nimehamia Fuoni. Kwetu Novemba 2024 tulipiga kura kumchagua mwenyekiti wa mtaa. Huku naambiwa sheha anateuliwa. Ni kweli?*

Ni kweli. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye ni mkono wa Serikali Kuu katika shehia. Barua ya ukaazi, ugomvi wa mpaka, mgeni aliyehamia, hayo ni yake. Unayemchagua wewe ni diwani, na huyo ndiye anayekaa kwenye baraza linalopanga ushuru na mitaro ya ndani. Mwakilishi anakwenda Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi, mbunge anakwenda Dodoma. Watu wengi wanamlilia sheha kwa jambo la diwani, na diwani anakaa kimya kwa raha zake. Karibu Fuoni.

"Nilishakulipeni"

*Bi Mkubwa, shikamoo. Sisi ni vijana wa Chake Chake. Wakati wa kampeni mgombea udiwani alitupa mifuko 40 ya saruji ya kujengea mtaro unaopita nyuma ya skuli, na seti moja ya jezi. Tulikubaliana tumpe kura zetu, tukampa. Saruji ilitosha kipande kidogo tu. Juzi tulimfuata kumuuliza baraza litamalizia lini. Akatujibu: "Nyinyi nilishakulipeni mapema." Wazee wanasema tumekula chake, tunyamaze. Tuna haki ya kumdai?*

Marahaba wanangu. Barua hii nimeisoma mara tatu, na ile kauli yake imenichoma.

Mnayo haki, tena haikupungua hata kidogo. Tufanye mfuko ulikuwa shilingi 18,000. Mara arubaini ni 720,000. Kwa laki saba na ishirini mtu amejiona amenunua wadi nzima kwa miaka mitano, shilingi 144,000 kwa mwaka, pungufu ya ushuru wa meza moja ya mchicha niliyoihesabu hapo juu. Na yeye kwa kipindi chote hicho atakaa kikaoni akinyoosha mkono kupitisha zabuni, leseni na ada za watu maelfu.

Wazee wenu wana methali yao, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Ni methali ya majirani, ya kupeana sahani ya pilau siku ya Idi. Si ya mtu anayeomba kazi ya umma. Kwa Bara jambo hili lilifika mpaka mahakamani. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, mgombea kukirimu watu kwa nia njema. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa mgombea masikini hawezi kukirimu kama tajiri, na mpiga kura anaacha kuchagua kwa dhamiri. Kwetu Zanzibar pia rushwa ya uchaguzi ni kosa, na inawahusu wote wawili, anayetoa na anayepokea. Nalisema hili bila ya kukufichieni: nanyi mlikosea. Kukubaliana kura kwa saruji lilikuwa kosa lenu, na uchaguzi ujao mkiletewa, ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, ipo tangu mwaka 2012 kwa kazi ya kupokea taarifa kama hizo.

Lakini kosa lenu halimpi yeye ruhusa ya kukaa bure. Mtaro ule unapita nyuma ya skuli. Watoto wanaoruka maji machafu hawakupokea jezi, na wala hawakupiga kura.

Sasa fanyeni hivi. Achaneni kabisa na habari ya saruji, musiitaje. Muombeni sheha aite mkutano wa shehia na diwani aalikwe kwa barua, si kwa simu. Siku hiyo pimeni mtaro kwa kamba asubuhi, mkiwa na walimu wa skuli: urefu uliojengwa, urefu uliobaki, kina. Muandike kwenye karatasi moja. Mbele ya watu mumuulize swali moja tu: katika makisio ya baraza ya mwaka huu, mtaro wa nyuma ya skuli umetengewa shilingi ngapi? Akisema zimetengwa, aoneshe. Akisema hazikutengwa, aseme mbele ya wazazi kwamba atazipeleka kwenye makisio yajayo, na katibu wa mkutano aandike. Akirudia kauli yake ya "nilishakulipeni", nayo iandikwe vile vile alivyoitamka, na tarehe.

Kisha barua ya skuli na muhtasari wa mkutano vipelekwe barazani kabla ya Disemba, nakala igongwe mhuri. Nakala hiyo nitumieni nami. Nataka kuiona.